Julai Torgunn Alipofagia Majina

Torgunn hatupi kitu. Ukilijua hilo umemjua nusu. Darini kwake kuna viatu vya kutelezea thelujini vya watoto ambao leo wana watoto wao, kuna vifuniko vya masufuria yaliyotoboka zamani, na kuna redio tatu ambazo hata uziunganishe zote hazikupi taarifa ya hali ya hewa. Ukimuuliza atakwambia, "Huenda ikahitajika." Nimefanya naye kazi halmashauri ya Sundvika tangu kichwa changu hakijaota mvi, yeye chini kwenye mitambo, mimi juu mapokezi, na sijaona siku kitu chake kimoja kikahitajika.

Kazini ni yule yule. Mtandao wote wa halmashauri anautunza peke yake, katika chumba kisicho na dirisha, amevaa sweta la sufu alilofumiwa na mama mkwe kabla hawajakosana. Kati ya mitambo inayovuma humo ndani mmoja kazi yake ni majina tu. Kila kompyuta na kila printa ina namba, ndefu, isiyokaa kichwani kwa mtu mzima. Basi wewe unataja jina, seva ya majina inakutafutia namba. Ni kazi ninayoifanya mimi pale mlangoni: mtu anauliza bwana wa barabara anakaa wapi, namwambia panda ghorofa ya pili, mlango wa mwisho, usiogope akinuna.

Tabu ni kwamba mashine hufa na majina yakabaki. Kompyuta inatupwa, namba yake anapewa mgeni, lakini lile jina la marehemu bado lipo na bado linaelekeza watu pale pale. Mpishi wa nyumba ya wazee anachapisha menyu ya wiki, inatokea kituo cha zimamoto. Vijana wa zimamoto walikuwa wanajua kuliko wazee wenyewe siku gani ni ya madonge ya samaki wa kusaga. Torgunn alijua dawa: kufuta yale majina mafu. Lakini mtu asiyeweza kutupa kifuniko cha sufuria atafutaje jina?

Kwa hiyo simu zilikuwa zinalia. Zinalia mwaka mzima, lakini mwaka mzima si neno. Neno ni Julai.

Mwezi wa Julai Sundvika haipo. Watu wote wako kwenye vibanda vyao vya likizo, visiwani na milimani, na anayebaki ofisini amebaki kwa adhabu au kwa ugomvi na mumewe. Mimi hubaki kwa hiari, kwa sababu napenda ofisi isiyo na watu. Torgunn na mumewe Halvard huenda Kråkøya, kisiwa kidogo chenye kibanda chekundu na gati, ambako mtandao wa simu unapatikana mahali pamoja tu, juu ya mwamba mmoja nyuma ya choo. Miaka yote Torgunn amekula Julai yake juu ya mwamba ule, amesimama na simu sikioni, akimwambia mtu wa mjini, "Zima kisha washa. Umeshazima? Haya, washa."

Halvard ni fundi wa boti, mtu wa maneno machache. Akisema sentensi mbili mfululizo ujue kuna jambo. Majira ya joto ya mwaka ule wa kabla ya huu ninaousimulia, walikuwa mezani nje wanakula kaa, simu ikalia, Torgunn akaondoka kwenda mwambani, na kaa wake akapoa. Aliporudi Halvard alisema sentensi tatu.

"Mimi nilioa mwanamke, sikuoa halmashauri. Mwakani simu ya kazi ikilia hapa, hata mara moja, nusu yangu ya kibanda namuuzia Kjartan. Nimemaliza."

Kjartan ni mdogo wake. Kibanda waliachiwa na baba yao, nusu kwa nusu, na Kjartan anakimezea mate chote: akibomoe, ajenge nyumba ya vioo, na beseni la maji moto pale kwenye mti wa tufaha, na banda la pikipiki yake ya majini. Siku hiyo alikuwepo mezani, anavunja gando la kaa. Torgunn aliniambia kwamba Kjartan aliacha kulivunja.

Sasa Torgunn anakipenda kile kibanda kuliko nyumba yake. Watoto wake walijifunza kuogelea pale. Alirudi mjini hana raha. Mkurugenzi akamwambia jambo ni rahisi, zamu ya Julai wapewe Holmvåg, ng'ambo ya fyodi, ghuba yetu nyembamba, wao wana mafundi wanne. Torgunn akamtazama kana kwamba amemtukania mama.

"Holmvåg? Afadhali nife nimeshika simu."

Na mimi hapo nilikuwa upande wake. Watu wa Holmvåg ukiwapa kidole kwenye printa, kesho wameweka nembo yao mlangoni.

Basi majira ya baridi akabadilisha namba yake ya mkononi. Namba mpya alinipa mimi peke yangu. "Moto au kifo, shoga," alisema. "Kingine chochote wapige ya zamu." Ile ya zamu inapita kwenye kisanduku kilichoko chini kwake, na kisanduku kinairusha hadi simu yake, popote alipo. Huko hakukwepeka, kwa sababu ndiko mshahara wa zamu unakotoka. Kilichobaki ni kuhakikisha hakuna wa kupiga.

Mkesha wa Mtakatifu Yohana, Juni ikielekea kwisha, nilishuka kumwita. Ufukweni watu walishaanza kupanga kuni za moto, Halvard yuko botini na bakuli la saladi ya viazi mapajani, na yeye bado yuko na mashine zake.

"Unafanya nini huku?"

"Naajiri mfagiaji."

"Wa nini? Mbona chumba kisafi?"

"Wa majina. Nikiwasha hapa, seva itakuwa inayafuta mafu yenyewe, mimi sipo."

"Si uyafute mwenyewe kwa mkono?"

"Nimejaribu, Borghild. Nikifika kwenye jina la kompyuta ya kwanza ya maktaba, mkono unagoma. Siwezi kuchinja. Nanunua nyama buchani kama watu wengine."

Nikamuuliza huyo mfagiaji atajuaje nani mfu. Akanieleza huku anavaa sweta. Kompyuta ikiwashwa inapiga hodi kwa seva ya majina: bado nipo. Seva inaandika tarehe. Zikipita wiki mbili hodi haijasikika, mfagiaji anapita na jina.

"Wiki mbili tu?"

"Ndivyo ilivyotoka kiwandani."

"Basi waliotengeneza hicho kitu hawajawahi kuiona Julai ya kwetu. Huku mtu akinyamaza wiki mbili hajafa, yuko likizo."

Alicheka. Alisema kompyuta zikiamka Agosti zitapiga hodi upya na majina yatarudi, hakuna hasara. Nikauliza, na printa je, mbona sijawahi kusikia printa ikipiga hodi? Akasema printa na visanduku vyake hawana mdomo. Majina yao ameyaandika kwa mkono wake, hayana tarehe, na kisicho na tarehe mfagiaji hakigusi. Honi ya boti ikalia huko nje, mara ya pili. Seva nayo ikauliza swali lake la mwisho kwenye kioo: nianze kuweka tarehe kwa yatakayokuja, au niyawekee hata yasiyo nayo, yote? Torgunn mkono mmoja uko ndani ya sweta, mwingine kwenye kipanya, kichwa hakijatoka kwenye shingo ya sweta. Akabonyeza "Yote."

Niliona kwa macho yangu. Lakini mimi na mitambo ni paka na maji, sikujua kwamba alichobonyeza kimempa tarehe hata yule asiye na mdomo wa kuihuisha. Haraka haraka haina baraka, walisema wahenga, na hao hawakuwa hata na mtandao. Tukapanda boti tukaenda kula saladi.

Mafu ya kweli, yenye tarehe za zamani, yalifagiliwa siku zile zile. Menyu ikarudi kwa wazee, zimamoto wakasononeka, simu za Torgunn zikapungua hadi akaanza kuimba korido. Wiki mbili zikapita vizuri. Ijumaa ya mwisho tukala keki ya krimu na stroberi, mkurugenzi akatoa hotuba ambayo hakuna aliyeisikiliza, na Sundvika yote ikapanda boti. Kesho yake, Jumamosi, nyuma ya migongo yao, wiki mbili za wasio na mdomo zikatimia. Mfagiaji akapita. Akachukua majina ya printa zote za halmashauri, ghorofa kwa ghorofa, kisha akachukua na jina la kisanduku cha zamu, simu zisijue tena pa kwenda.

Jumatatu nilijaribu kuchapisha tangazo la mlangoni, kompyuta ikaniambia printa hiyo haijulikani. Nikaandika kwa kalamu. Mpishi wa nyumba ya wazee naye akaandika menyu kwa mkono, na wazee wakasema afadhali, sasa inasomeka. Yeye alipiga ya zamu akapata muziki wa kusubiri, ile fidla ya kwetu ya nyuzi nane, akasikiliza kidogo akarudi kwenye viazi vyake. Sisi watu wa hapa tukiambiwa tusubiri tunasubiri. Hakuna aliyefikiri simu imekufa. Kila mtu alidhani foleni ni ndefu na akaona aibu kuwapita wenzake.

Isipokuwa Eyvind. Eyvind ni mkuu wa utamaduni na michezo, mrefu, mwenye haraka, na mwaka huo alibaki kwa sababu ya Tamasha la Makreli, sherehe ya samaki wetu, Jumamosi ya mwisho ya Julai. Mabango hayajachapishwa. Alhamisi alikuja mapokezi na simu sikioni, fidla inasikika hadi kwangu.

"Borghild, nipe namba ya Torgunn."

"Piga ya zamu."

"Naipiga tangu asubuhi. Ngoma hii sasa naweza kuicheza harusini. Nipe ya mkononi, unayo."

"Kuna moto?"

"Hakuna moto. Kuna mabango."

"Kuna maiti?"

"Itakuwepo nisipochapisha, na itakuwa yangu."

"Basi ukishafika hiyo hatua njoo, nitapiga mara moja."

Akashusha simu. "Mama wewe una roho ya chuma. Nitayapeleka Holmvåg yakachapishwe."

"Kwenye karatasi zao zenye nembo? Makreli wa Sundvika chini ya ndege wa nembo ya Holmvåg? Peleka. Halafu uhame."

Hilo lilimwingia. Akakaa kwenye kiti cha wageni, akafikiri, kisha akasimama na funguo za boti mkononi. "Sawa. Kama simu haimfikii, mimi nitamfikia. Naenda Kråkøya."

Mtu wa kazi kwenye gati, mbele ya Halvard, ni mbaya kuliko simu kumi. Nikafunga mapokezi, nikabandika karatasi mlangoni kwamba nitarudi baadaye, nikamwambia Eyvind nakuja naye, nina sweta la Torgunn la kumpelekea. Sweta lenyewe lilikuwa langu.

Njiani nilikuwa natafuta pa kuanzia. Boti ilipokata kona na kibanda kikaonekana, chekundu nusu, kwa sababu Halvard alikuwa anapaka rangi, ndipo nilipokumbuka Eyvind mwenyewe ana kibanda wapi. Ni ng'ambo tu ya mlango wa bahari, vibanda vinatazamana.

"Unajua Halvard aliapa nini?" nikamwuliza.

"Halvard huwa anaongea?"

"Ameapa kazi ikimfuata Torgunn hapa mwaka huu, nusu yake anamuuzia Kjartan."

Eyvind akapunguza injini. "Kjartan yupi? Kjartan ninayemsimamia mimi, wa bwawa la kuogelea?"

"Huyo huyo. Nyumba ya vioo, beseni la maji moto, na muziki. Na pikipiki yake ya majini itakuwa inageuzia pale mbele ya dirisha lako la chumbani."

Tulikuwa tumeshafika gatini. Halvard alisimama na brashi mkononi, suruali imejaa rangi, na nyuma yake Torgunn ametoka mlangoni na beseni la viazi vipya. Alipomwona Eyvind uso wote ulikwisha damu.

Halvard alimtazama Eyvind kutoka viatu hadi nywele. "Umekuja kwa kazi," alisema polepole, "au umekuja kwa kahawa?"

Eyvind aligeuka akatazama ng'ambo, kibanda chake kimekaa kimya kwenye jua, kisha akamtazama tena mwenye brashi.

"Kahawa," alisema.

"Vizuri. Inachemka. Wakati inachemka shika hii," Halvard akampa brashi, akaenda kujichukulia nyingine. Kisiwani kwetu mgeni hakai bure, hata awe askofu. Mkuu wa utamaduni na michezo akavua koti akaanza kupaka ukuta wa kusini.

Mimi nilimfuata Torgunn jikoni. Nilidhani atanilaumu kwa kumleta. Aliketi kwenye kigoda, akachukua kisu, akaanza kukwangua kiazi kilichokwisha kwanguliwa.

"Borghild, niambie ukweli. Wamempata mtu mwingine?"

"Nani?"

"Halmashauri. Simu haijalia. Tangu tufike, hata mara moja. Halvard anafurahi, kila jioni ananiambia unaona, wanaweza bila wewe. Mimi asubuhi nikienda chooni napanda mwambani naangalia kama mtandao upo. Upo. Hawapigi tu." Macho yalikuwa yamejaa. "Miaka yote hii, na hakuna hata mmoja anayenihitaji."

Nilitaka kucheka na nikamwonea huruma, vyote pamoja. "Shoga, wanapiga. Wanasikiliza fidla. Mpishi amesikiliza fidla. Huyo bwana huko nje amesikiliza fidla hadi anaijua kwa kichwa. Printa zote zimekufa."

"Zimekufaje?"

"Hazijulikani. Kompyuta inasema haijawahi kuzisikia."

Kisu kilisimama. Nikaona akirudi kichwani mwake hadi ule mkesha, sweta shingoni, honi inalia. "Yote," alinong'ona. "Nilibonyeza yote. Mpaka kisanduku cha zamu. Nimemwajiri mfagiaji, kanifagia mimi mwenyewe."

"Asiyekuwepo na lake halipo," nikamwambia.

Badala ya kushtuka alifuta macho kwa mkono wa sweta, na uso wake ukaanza kung'aa. "Kwa hiyo wanapiga?"

"Wanapiga."

"Wanapiga sana?"

Alitia kiazi kibichi mdomoni akakitafuna kwa furaha. Ndipo tuliposikia mlio. Kjartan. Pikipiki ya majini ina kelele za nyigu aliyefungiwa kwenye kopo, huwezi kukosea. Tukatoka nje. Aliruka gatini amelowa, nywele zimesimama, na hata salamu hakutoa.

"Torgunn, hiyo simu yenu ya zamu ni ya nini kama haipokelewi? Nimepiga tangu juzi, asubuhi na jioni, naambulia fidla tu. Mtu ana shida ya kazi, fundi hapatikani, ndiyo utaratibu gani huo?"

Torgunn alinishika mkono hadi kucha zikaingia. Halvard hakugeuka. Aliendelea kupaka ubao mmoja hadi mwisho, akaweka brashi juu ya kopo.

"Shida gani ya kazi?" aliuliza.

"Kompyuta ya bwawani. Imegoma."

"Bwawani."

"Ndiyo, pale kwenye tiketi."

Sauti ikatoka ukuta wa kusini. Kjartan hakuwa amemwona mkuu wake wa kazi, kwa sababu huyo alikuwa amechuchumaa nyuma ya pipa la maji, mwekundu wa jua na wa rangi.

"Kjartan," alisema Eyvind, "bwawa nimelifunga mimi mwezi uliopita. Maji yametolewa. Na funguo za mlango ziko mezani kwangu. Umeingiaje hadi kwenye kompyuta?"

Maji yalikuwa yanamchuruzika Kjartan kwenye mbao. Halvard alimsogelea, akamtazama kama anavyotazama boti iliyoletwa na mtu anayeficha palipovuja.

"Ulitaka ilie," alisema. "Ulikaa kwako unapiga ili ilie."

"Halvard, kaka, mimi nilikuwa tu..."

"Nusu yangu haiuzwi. Mwaka huu wala mwaka wowote. Ya kwako je, unauza?"

Kjartan akainamisha kichwa. Halvard akachukua brashi ya tatu kutoka kwenye ndoo, akampa. Huyo naye alipaka. Nilikunywa kahawa yangu kwenye ngazi, nikiwatazama wanaume watatu wanapaka ukuta bila kuzungumza, na sijawahi kuona kikao cha halmashauri kilichofanya kazi vizuri namna ile.

Wakati wa kuondoka Torgunn aliniita nyuma ya choo, akanishika kiganja, na kwa ncha ya brashi akaandika namba nyekundu. "Printa ya ghorofa yako. Mahali pa jina weka hii. Mashine yenyewe haijafa, ni jina tu. Na usimwambie mtu nimekupa, mimi niko likizo." Njia nzima Eyvind aliniuliza kwa nini nimenyoosha mkono kama naapishwa, nikamwambia ni baridi yabisi. Jioni ile mabango yalitoka yote. Alinikumbatia na hakuuliza yametokaje, na shati langu bado lina doa jekundu.

Agosti Torgunn alirudi mweusi wa jua. Hakunisalimu, aliinama juu ya meza yangu. "Walipiga wangapi?"

Ukweli ni kwamba ninaowajua ni watatu, na mmoja wao alikuwa Kjartan.

"Wengi, shoga," nilisema. "Mpaka fidla imechoka."

Alishuka chini anaimba. Kompyuta zilikuwa zinaamka jengo zima na kupiga hodi, majina yao yanarudi yenyewe, na yale ya wasio na mdomo aliyaandika upya kwa mkono, moja moja, bila tarehe. La kisanduku cha zamu aliliacha la mwisho. Nilikuwa nimemletea kahawa, nikaona seva inauliza swali lile lile, na mara hii alikuwa ametulia, sweta limevaliwa vizuri.

"Hili nalo halina tarehe?" nikamwuliza.

"Kwa sasa halina," alisema. "Nitaliwekea mkesha wa Mtakatifu Yohana."

Na kila mwaka analiwekea tarehe, na kila Julai mfagiaji anapita nalo. Mkurugenzi anamsifu mikutanoni kwamba zamu ya Julai haina malalamiko hata moja, na Holmvåg wameandika wakiomba kujifunza mbinu zake. Kibanda kimebaki chekundu na mti wa tufaha uko mahali pake. Katikati ya Julai, ofisi ikiwa tupu, mimi hujimiminia kahawa, napiga namba ya zamu, nasikiliza fidla hadi kikombe kiishe, kisha nakata. Agosti ataniuliza walipiga wangapi, na angalau kwa huyo mmoja sitakuwa nimemdanganya.